Boti Iliyogoma Asubuhi

Mwaka 1996, mwezi wa sita ulipokuwa ukiisha, hapakuwa na mtu mwenye furaha katika kijiji cha Ikola, kando ya ziwa, kuliko Telesphor. Alikuwa amenunua boti ya mbao yenye injini ya dizeli. Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa uji, alishuka ufukweni na kitambaa akaifuta injini yake kama mama anavyomfuta mtoto makamasi. Ubavuni mwa boti aliandika kwa rangi nyeupe: TUTAFIKA.

Mkewe Hilaria alimtania kwamba tangu boti ije, yeye amekuwa mke wa pili. Telesphor alicheka tu. Alikuwa na sababu ya kuinunua, na Hilaria aliijua.

Miaka ishirini na miwili nyuma, wao wenyewe walikwenda kufunga ndoa Karema kwa mtumbwi. Upepo wa kusi ukainuka, wapiga kasia wakachoka. Hilaria alifika ameloa mpaka kilemba. Padri alikuwa ameshamaliza misa, na nusu ya wali wa sherehe ilikuwa imekwisha kuliwa. Siku ile Telesphor aliapa kwamba akijaliwa binti, binti huyo hatafika kwenye harusi yake ameloa.

Sasa binti huyo, Fausta, alikuwa anaolewa Karema, Jumamosi asubuhi. Telesphor alikwisha kumwambia mshenga mbele ya watu kwamba bibi harusi atamleta mwenyewe kwa injini, na kabla ya saa nne watakuwa mlangoni mwa kanisa.

Nahodha aliyeileta boti kutoka Kigoma alikaa siku moja. Alimwonyesha Telesphor namna ya kupiga hendeli, ule mkono wa chuma wa kuwashia injini, na kuongeza mwendo, akala ugali na samaki wa migebuka, akaondoka. Telesphor hakumuuliza zaidi. Mtu aliyezaliwa kando ya ziwa aliona ni aibu kuuliza habari za boti.

Jumanne asubuhi alitoka kuijaribu. Kulikuwa na baridi ya kuuma vidole. Hakufika mbali injini ikaanza kukohoa, kisha ikanyamaza. Alipiga hendeli mpaka mkono ukaingia ganzi. Mwisho alirudi kwa kasia, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa mchangani wakamuuliza kwa pamoja, "Tutafika lini, Baba Fausta?"

Mchana jua lilipokuwa kali alijaribu tena. Injini ikawaka mara moja. Telesphor alifurahi, akasema bila shaka ilikuwa imechoshwa na safari ya Kigoma. Jumatano asubuhi ikagoma tena. Mchana ikakubali.

Hapo hofu ikamwingia kweli, maana harusi ni ya asubuhi. Akaanza kusema kuna mkono wa mtu, kuna mwenye wivu amemfanyia dawa.

"Mchawi gani huyo anayefanya kazi asubuhi tu?" aliuliza Hilaria. "Nenda kwa Mama Arcade. Mashine yake ya kukoboa ina injini kama hii yako."

Mama Arcade, jina lake Athanasie, alikuwa Mrundi aliyekulia Katumba, upande wa Mpanda. Kwa miaka mitano alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga pale kijijini, na haikuwahi kulala hata siku moja kwa ubovu. Ziwa, hata hivyo, aliliogopa sana. Maji yakimfika magotini alianza kusali. Telesphor aliona haya kufundishwa na mtu wa namna hiyo. Lakini alimkumbuka Fausta, akaenda, akijivuta njia nzima.

Athanasie hakumcheka. Alifuatana naye ufukweni, akasubiri boti ivutwe mpaka nchi kavu, ndipo akaingia ndani. Aliuliza maswali mawili: inagoma saa ngapi, na dizeli inawekwa wapi. Telesphor akamwambia inagoma asubuhi, na dizeli iko kwenye madumu, stoo. Athanasie akaomba chupa ya soda, ya kioo, iliyooshwa ikakauka. Akaijaza dizeli kutoka kwenye dumu, akaiziba, akasema iachwe uani mpaka asubuhi.

Alhamisi kulipopambazuka wote watatu waliizunguka chupa. Juu dizeli ilikuwa safi. Chini palikuwa na kitu cha rangi ya machungwa, kimeganda. Athanasie alikichokoa kwa kijiti, akamsogezea Hilaria. Hilaria alinusa mara moja tu.

"Haya ni mawese," alisema. "Baba Fausta, umechukua madumu yangu?"

Telesphor alitazama chini. Hilaria aliuza mawese ya Kigoma, na stoo ilijaa madumu matupu. Alichukua matatu bila kuuliza. Aliyasuuza kwa maji ya ziwa, akaona yanang'aa, akaridhika.

"Shemeji, mawese hayatoki kwa maji baridi," Athanasie alieleza. "Yanashika ndani ya dumu. Ukitia dizeli, yanachanganyika nayo. Jua likiwaka yanayeyuka na kupita. Baridi ikija yanaganda kwenye chujio, dizeli inakosa njia. Na hayo maji uliyosuuzia yakibaki, yanaleta kutu ndani ya injini."

Telesphor alishusha pumzi. Alifurahi kwamba hakuna mchawi, akaona aibu kwamba mchawi alikuwa yeye mwenyewe. Hilaria alicheka mpaka akakaa chini.

Kutwa nzima walifanya kazi. Dizeli chafu waliitoa yote kwenye tangi. Hawakuimwaga ziwani, kwa sababu maji ya ziwa ndiyo wanayokunywa. Waliiweka kando, ya kupaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Tangi walilisuuza kwa dizeli safi kidogo. Athanasie alileta chujio jipya alilokuwa ameliweka akiba, nalo likakaa sawasawa. Dizeli nyingine ilinunuliwa, ikatiwa kwenye madumu mapya yaliyochorwa msalaba mwekundu. Ilipomiminwa tangini ilipita kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara mbili. Hilaria alitangaza kwamba atakayegusa tena madumu yake ya mawese atalala njaa.

Waliisogeza boti mpaka nyuma yake ikaingia majini, Telesphor akapiga hendeli. Injini haikuwaka. Akaona harusi inamponyoka, akakaa kwenye ukingo wa boti.

"Usikate tamaa, hiyo ni hewa tu," Athanasie alisema. "Tumefungua chujio, hewa imeingia kwenye mrija. Lazima itoke." Akampa spana.

"Fanya wewe, Mama Arcade. Unajua."

"Ziwani sitakuwepo. Fanya wewe. Legeza hiyo nati kidogo, usiifungue yote. Unaona nini?"

"Povu."

"Hiyo ndiyo hewa. Ngoja. Sasa?"

"Dizeli tupu. Haina povu."

"Basi kaza."

Alikaza. Akapiga hendeli mara mbili. Ya tatu injini ikaitika, na wanawake wa dagaa wakapiga vigelegele. Telesphor alihisi machozi, akasingizia moshi.

Kabla ya kuondoka Athanasie alimfundisha mambo mengine, na kila jambo alimtaka alirudie kwa mikono yake. Kabla ya kuwasha, achomoe kijiti cha kupimia oili, akifute, akirudishe, kisha akitazame. Oili iwe katikati ya alama mbili. Injini ikishawaka, aiache ipate joto kidogo kabla ya kuipa mzigo. Halafu akamwonyesha bomba dogo ubavuni mwa boti.

"Ya kwangu inapozwa na maji ya pipa. Ya kwako inanyonya maji ya ziwani na kuyatema hapa. Macho yako yasilisahau bomba hili. Maji yakikoma kutoka, zima injini hapo hapo, hata kama umembeba askofu."

Ijumaa asubuhi, katika baridi ile ile, injini iliwaka vizuri.

Jumamosi ilipofika, kila shangazi alitaka kupanda na bibi harusi. Telesphor alikataa. Boti ilikuwa ya watu kumi na wawili, akapakia kumi na wawili. Wengine aliwaahidi safari ya pili. Chini ya viti aliweka kasia mbili, maana injini ni chuma na chuma huchoka. Wa kumi na mbili alikuwa Athanasie, aliyebembelezwa na Hilaria mpaka akakubali, rozari mkononi, macho ameyafumba tangu wakiwa bado mchangani.

Waliimba. Boti ilikata maji vizuri. Katikati ya safari Telesphor alitupa jicho kwenye bomba, akaona ni kavu. Maji hayatoki. Akazima injini.

Nyimbo zikakoma. Upepo wa kusi ulikuwa unaanza kuamka, na Hilaria aliutambua. Alimtazama mumewe. Fausta alikusanya gauni lake magotini.

"Tulieni, nyie," alisema Telesphor. "Najua ni nini."

Aliinama ubavuni, akazamisha mkono, akapapasa mahali injini inaponyonya maji. Palikuwa na kipande cha wavu wa dagaa, kimenasa pale kama kizibo. Akakivuta, akakionyesha kwa watu wote, akapiga hendeli. Injini ikaitika. Maji yakaruka tena kutoka kwenye bomba. Athanasie alifumbua jicho moja, akaliona bomba, akalifumbua na la pili.

Walifika Karema saa tatu na nusu. Gauni la Fausta halikuwa na tone. Watu wote walikwenda naye wakicheza, ila Telesphor alibaki kwanza kuifunga boti na kuifunika injini turubai. Alipogeuka alimkuta Hilaria amesimama mchangani, anapapasa pindo la kitenge chake.

"Kikavu," alisema. "Miaka ishirini na miwili, Baba Fausta. Leo ndiyo nimefika harusini kwangu."

Akamshika mkono. Walipanda polepole kuelekea kanisani, na kengele ilikuwa bado haijapigwa.