Mama Dobi na Vioo vya Gari

Kila asubuhi pikapu ya dobi ilitoka uani kwa sauti za watu wawili.

Baba Dobi alishika usukani. Mama Dobi alikaa kushoto kwake, shuka safi za nyumba ya wageni zimejaa nyuma. Wakifika njia panda, Baba Dobi alisimama na kuuliza, "Kweupe?"

Mama Dobi alichungulia dirishani. Kama hakuna gari alijibu, "Kweupe." Kama lipo, alijibu, "Bado."

Hivyo ndivyo walivyoendesha kwa miaka mingi, na hawajawahi kugonga hata kuku. Walijisifia jambo hilo kila walipopata mtu wa kumsimulia.

Lakini siku hizi Baba Dobi aliendesha polepole mno. Baiskeli zilimpita. Shuka zilifika wageni wameshaamka na bibi mwenye nyumba ya wageni amenuna. Mwishowe yule bibi alisema wazi kwamba akicheleweshewa tena, atatafuta dobi mwingine. Hiyo ndiyo kazi iliyowalisha. Wateja wengine walileta shati moja moja, tena la kuvaa siku ya kuomba mkopo.

Baba Dobi alisema magoti yake yamechoka, basi mkewe achukue leseni. Alimfundisha mwenyewe kwenye uwanja mtupu. Mama Dobi alikuwa mwepesi. Alijua gia, klachi na breki. Akapata leseni ya kujifunzia, akapanga siku ya jaribio.

Jaribio lilifanywa kwa gari la ofisi. Mtahini alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kalamu nyekundu. Mama Dobi alipoingia aliona kioo cha ndani, akafurahi. Akakigeuza, akatengeneza kilemba chake, akaondoka.

Njia panda ya kwanza alisimama vizuri sana. Kisha akauliza, "Kweupe?"

Mtahini alifungua kalamu yake. Mama Dobi akadhani hakusikia, akauliza tena kwa heshima zaidi. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Mama," alisema mtahini, "mimi hapa nihesabu kama mzigo."

"Sawa, baba. Lakini si ungechungulia tu kidogo?"

Kalamu nyekundu ikafanya kazi. Jaribio liliishia palepale, na mtahini ndiye aliyelirudisha gari ofisini.

Nyumbani Baba Dobi alikasirika kuliko mkewe. Alisema hajawahi kusikia mtu mzima anakaa mbele bure, hata kuchungulia hawezi. Sauti yake ilivuka ukuta, na jirani yao akaja kuuliza kuna nini.

Jirani huyo alikuwa mwanamke, mwalimu wa udereva. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu Breki, kwa sababu hata akikaa kwenye kochi, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu. Aliposikia habari ya jaribio alicheka mpaka akaomba maji. Kisha akaenda uani kuitazama pikapu, na kicheko kikaisha.

"Shemeji, vioo vya gari hili viko wapi?"

Baba Dobi alisema kimoja kiligongwa na geti. Cha pili kilikuwa kinatingishika. Cha ndani, ah, kilikuwa kinamchanganya tu.

Mwalimu Breki alimtazama. Kisha akaonyesha kibao kilichokuwa ng'ambo ya barabara. "Hebu nisomee pale."

"Pale? Kinyozi."

"Shoga," Mwalimu Breki alimwambia Mama Dobi, "mwambie."

Mama Dobi alimgeukia mumewe. "Baba watoto, kinyozi alihama zamani. Pale ni duka la dawa. Herufi zenyewe kubwa, nyekundu."

Baba Dobi alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Alifuta macho kwa kona ya shati. Mwishowe akasema, "Vioo nilivitoa mwenyewe. Kila nikitazama humo naona ukungu."

"Kwa hiyo muda wote huo aliyekuwa anaendesha ni mimi?"

"Nusu," alisema Baba Dobi.

Mama Dobi hakucheka. Alikumbuka watoto wa shule wanaovuka pale kwenye mistari myeupe kila asubuhi. Hofu ilimshika, hasira nayo ikaja nyuma yake. Alimwambia mumewe maneno makali.

Mwalimu Breki aliwaacha wamalize, kisha akaeleza taratibu. Dereva lazima aone kwa macho yake mwenyewe. Abiria anaweza kusinzia, anaweza kukosea, anaweza kuwa anatazama nguo dukani. Gari likigonga mtu, anayeulizwa ni aliyeshika usukani. Na macho yakianza kuona ukungu, dawa yake ni kwenda hospitali mapema.

Wakaenda. Daktari alipima, akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba ugonjwa huo unatibika kwa upasuaji mdogo. Ila Baba Dobi asiguse usukani mpaka atakaporuhusiwa.

Sasa shuka zikaanza kwenda kwa mkokoteni. Baba Dobi alivuta, Mama Dobi akasukuma, na upepo ukazirudishia vumbi walilolifua. Mwenye nyumba ya wageni alikagua, akakunja uso, akawapa muda mpaka mwisho wa mwezi.

Fundi aliifungia pikapu vioo vyote. Mwalimu Breki akabandika alama ya mwanafunzi mbele na nyuma, akakaa kando ya Mama Dobi. Baba Dobi alijipenyeza nyuma. Kwenye njia panda ya kwanza tu akapaza sauti, "Kweupe!" Lori lilikuwa linakuja. Mwalimu Breki alimshusha palepale, naye Baba Dobi akarudi nyumbani kwa miguu.

"Kabla ya kuondoka unafanya nini?" aliuliza Mwalimu Breki.

"Ninawasha gari."

"Kwanza kiti, miguu ifike vizuri. Halafu vioo, uone barabara ya nyuma, si kilemba. Halafu mkanda. Ndipo uwashe."

Kisha akamfundisha kuondoka. Tazama vioo. Washa taa ya ishara. Geuza shingo utazame juu ya bega, maana kuna pembe ambayo hakuna kioo kinachoionyesha. Pikipiki hupenda kukaa hapo hapo.

"Na kama kuna gari limesimama njia panda, linanizibia?"

"Unasogea kidogo kidogo mpaka uone mwenyewe. Kama hujaona, huendi. Honi za nyuma zisikuhangaishe. Wenye honi hawatakusaidia polisi."

Walifanya mazoezi penye watu wachache, halafu sokoni penye watu wengi. Kwenye mistari ya kuvukia, Mama Dobi alisimama mara tu alipoona mtu anataka kuvuka. Kwenye kibao cha kusimama alisimamisha magurudumu kabisa, hata kama barabara ilikuwa tupu. Mwalimu Breki alimtaka aseme kwa sauti kila anachokiona. Ikawa mazoea. Hata jikoni mumewe alimsikia akinong'ona, "Nyuma kuna paka, kulia kuna sufuria," akageuza shingo ndipo akaepua.

Siku ya jaribio la pili alikuwa amelala vya kutosha, akafika mapema. Mtahini alikuwa yuleyule. Alipomwona, alijisogeza kidogo karibu na mlango.

Mama Dobi alirekebisha kiti. Alirekebisha vioo. Alifunga mkanda, akamkumbusha mtahini kufunga wake. Njia panda alitazama kulia, kushoto, kulia tena. Midomo ilimwasha, lakini aliibana.

Kwenye kilima gari likamzimikia. Hata hivyo alikumbuka maneno ya jirani yake, kwamba kosa dogo ukilitengeneza kwa utulivu, jaribio linaendelea. Alivuta breki ya mkono. Akaweka gia huru, akawasha, akatazama vioo, akaondoka bila gari kurudi nyuma.

Mtahini aliandika kwa muda mrefu. Kisha akafunga kalamu. "Umepita, mama. Leo nimekaa kama mzigo, nimestarehe."

Mama Dobi alilia kidogo, akajifuta kwa kilemba, ikabidi akitengeneze tena kwenye kioo. Gari lilikuwa limesimama, kwa hiyo haikuwa kosa.

Asubuhi iliyofuata shuka zilipakiwa kukiwa bado baridi. Baba Dobi, jicho moja likiwa na bandeji ya upasuaji, alikaa kushoto. Alifunga mkanda, akashikilia mlango kwa mikono miwili. Walipita soko, wakapita shule, wakazunguka mzunguko mkubwa. Hapo Mama Dobi alisikia kitu kinakoroma, akadhani ni injini.

Walifika nyumba ya wageni mapazia yote yangali yamefungwa. Mwenye nyumba alitoka na kanga mabegani, akazipokea shuka, akazinusa, uso ukalainika. Alisema kazi ni yao, waendelee hivyohivyo. Kisha akamwona Baba Dobi, kichwa kimelala kwenye kioo cha dirisha, mdomo wazi.

"Mzee anaumwa?"

"Hapana," alisema Mama Dobi. "Ana dereva."