Neno Linalofuata Salama

Kulipopambazuka tu, vimulimuli viliamka. Vilitoka kwenye viota vyao vya shaba juu ya milango ya Mnara wa Kihonda, kila kimoja kikubwa kama punje ya karanga, vikaruka kwenye korido kwa mlio mwembamba wa mbawa, na kila kimoja kilibeba salamu ya mtu. Kimoja kilipenya tundu la mlango wa jirani, kikamkuta na mswaki mdomoni, kikasema kwa sauti ileile ya aliyekituma, "Umeamkaje?"

"Salama," alijibu jirani.

Kimulimuli kikawaka kijani, kikashukuru, kikaenda zake.

Mhandisi Mwasiti Mkude aliyatazama hayo kwenye kioo cha maabara, upande wa pili wa mji wa Morogoro, huku chai yake ikipoa. Mnara mzima ulionekana kama shamba la mahindi mabichi, kijani juu ya kijani. Tuseme ukweli, Mwasiti alijivuna, na nani asingejivuna? Miaka mingi watu wa minara waliishi ukuta kwa ukuta bila kujuana hata majina. Sasa walisalimiana kila asubuhi, na yeye ndiye aliyebuni njia.

Mtandao huo uliitwa Ujirani, na ulikuwa bado mchanga. Baraza la Mawasiliano la mji liliipa maabara yao mnara mmoja tu wa kujaribia, ndipo liamue kama litaufungua kwa mji mzima. Sheria ya wakati huo ilitaka hivyo, na ilikuwa sheria ya maana. Mtandao ukishaingia kwa mamilioni ya watu haugeuziki tena, lakini ukiwa mchanga unaweza kuukanda upya kama unga ambao haujaingia motoni. Kazi ya kuupima ilikuwa ya Mizani, akili unde iliyosikiliza kila jibu la kila mkazi na kuligeuza kuwa rangi, kisha ikazijumlisha rangi zote zikawa alama. Kijani ilikuwa raha, njano hivi hivi, nyekundu shida.

Toleo la kwanza la Ujirani lilipata alama za kutia aibu. Mizani ilitoa hukumu kwamba salamu za watu hawa ni ndefu mno na zinachosha. Basi Mwasiti akatunga kanuni ya ufupi: neno la kwanza la jibu likishasikika, kimulimuli kishukuru na kuondoka. Kuanzia hapo alama zilipanda hadi maabara nzima ikanunuliana soda.

"Tukifika mbele ya Baraza hawatauliza hata swali," alisema Dokta Laurenti Kobelo, mkuu wa maabara, mwanamume mnene mcheshi aliyependa takwimu kuliko wali. "Ila nao ni binadamu, wanataka kusikia kitu. Nitafutie sauti mbili tatu tamu, Mwasiti. Za wazee hasa. Sauti ya mzee humlainisha mtu."

Mwasiti akavaa visikizio, akafungua hazina ya sauti. Hakuwahi kuifungua kabla. Angeifungua ya nini, na Mizani ilikuwa ikisikiliza kwa niaba yake?

Alianza na Bi Stamili, mjane wa ghorofa ya chini aliyekuwa na sauti ya kuimba. Kimulimuli kilimuuliza habari za asubuhi. "Salama, mwanangu," Bi Stamili alisema, "ila..." Hapo zikasikika mbawa, na kimya.

Tamu, Mwasiti aliwaza, nikiikata pale mwisho. Akafungua ya siku iliyofuata.

"Salama. Ila huu m..." Mbawa.

Akafungua nyingine. "Salama, ila mguu..." Mbawa tena. Na nyingine, ambayo Bi Stamili alijaribu kusema harakaharaka kama mtu anayekimbilia mlango unaofungwa, na bado mlango ukamfungia: "Salamailamgu..."

Mwasiti aliacha kuchagua sauti tamu. Alifungua za wengine. Kijana wa ghorofa ya kumi: "Nzuri tu, ila..." Mama wa mapacha: "Hatujambo, ila huyu mdogo..." Mwalimu mstaafu, kwa sauti ya chini: "Njema, ila usiku..." Mnara mzima ulikuwa ukisema ila, na vimulimuli vyake vilikuwa vikigeuza mgongo.

Akavua visikizio. Jambo lenyewe kila mtu maabara alilijua tangu utotoni, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeliona. Nani kati yao amewahi kuulizwa habari akaanza kwa kujibu mbaya? Hata aliyefiwa husema kwanza nzuri, ndipo aseme tumefiwa. Hata mgonjwa kitandani husema sijambo, kisha ndipo akuoneshe panapouma. Salama ni kumfungulia mgeni mlango tu. Habari yenyewe huja baadaye, nyuma ya ila, na yeye Mwasiti alikuwa amewaondoa wageni wote mlangoni.

Hakumuaga mtu. Alichukua kigari cha waya kinachopita juu ya mji, na njia nzima alijiambia kwamba mguu ni mguu tu, labda ni baridi yabisi, wazee wote wana miguu.

"Hodi," aliita ghorofa ya chini. "Hodi hapa!"

"Karibu," ilijibu sauti ya kuimba, ila ilitoka chini, sakafuni.

Bi Stamili alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea kitanda, mguu wa kushoto umezongwa kanga. Chumba kilinuka harufu ambayo Mwasiti hakutaka kuijua. Kando yake palikuwa na birika tupu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko utokako?"

"Nzuri, Bibi. Huo mguu..."

"Kidonda tu. Nilijikwaa kwenye ngazi. Mimi nina sukari, basi kidonda hakisikii dawa."

"Mbona hukusema?"

Bi Stamili alimtazama kwa mshangao wa kweli, bila hasira. "Nimesema kila siku, mwanangu. Kile kidudu chenu kina haraka."

"Na majirani? Hakuna anayepita?"

"Zamani walikuwa wanapita. Mama mapacha alikuwa akibisha hodi asubuhi, ananiletea maji. Siku hizi salamu inafika yenyewe, mtu anaona taa ya kijani, anajua nipo salama. Atakuja kufanya nini?" Akanyoosha mkono, akamshika Mwasiti kifundo cha mkono. "Lakini wewe umekuja. Asante sana, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mwasiti angependelea tusi. Alipiga simu ya dharura, akammiminia Bi Stamili maji ya kunywa, akakaa naye mkekani mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu mguu ungekatwa. Walikata vidole viwili. Mguu ulipona.

Dokta Kobelo alilipokea jambo hilo kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imejengwa barabarani. Alisikitika, kisha akatafuta njia ya kuizunguka. "Tuweke kitufe cha dharura," alisema. "Mtu akiumwa abonyeze."

"Bi Stamili hakuwa na dharura, Dokta. Alikuwa salama, ila mguu. Hakuna kitufe cha hiyo."

"Unataka nini basi?"

"Nataka kisubiri."

Akamweleza. Kimulimuli kikishajibiwa kitue, kinyamaze, kibaki hapohapo. Mtu akitaka kiondoke aseme neno ambalo kila mtu hulisema anapomaliza mazungumzo: haya. Kabla ya haya, hakiendi popote, na atakayesema baada ya ila atasikiwa na jirani aliyemsalimia.

Walijaribu kwa wiki moja, na mnara ukageuka njano. Mizani ilishusha alama hadi chini ya toleo la kwanza, ikaandika kwa herufi kubwa kwamba furaha ya wakazi imeporomoka na salamu zimekuwa ndefu kupita kiasi.

"Wameugua wote kwa wiki moja?" alilalamika Kobelo, mikono kichwani.

"Walikuwa wanaugua tangu mwanzo, Dokta. Ndiyo kwanza tunawasikia."

"Mwasiti, nikipeleka alama hizi Baraza, watatufungia. Miaka yote hii ya kazi, basi."

"Tukipeleka zile za kijani, watatufungulia mji mzima."

Jioni hiyo Kobelo alikwenda hospitali na mfuko wa machungwa, akidai anapita tu. Alikaa na Bi Stamili hadi wauguzi wakamfukuza. Kesho yake aliingia maabara akasema, bila kumtazama mtu, kwamba watapeleka zile alama za njano.

Siku ya Baraza, mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Generoza Shirima, mwanamke mkavu wa maneno ambaye hakupenda kupotezewa muda. Alitazama alama ukutani, akaitazama saa. "Mnaniletea mtandao ambao mashine yenu wenyewe inasema umeshindwa?"

"Naomba tu ujaribu salamu moja, mheshimiwa," alisema Mwasiti.

Kimulimuli kikaruka, kikatua kwenye meza mbele ya mwenyekiti. Kikatoa sauti ya Bi Stamili, aliyekuwa nyumbani kwake siku hiyo, mguu juu ya mto. "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo. Shikamoo, Bibi," alisema mwenyekiti, kwa kuwa ukali haumfanyi mtu akose adabu.

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Kimulimuli hakikuondoka. Kilikaa mezani kikiwaka taratibu. Mwenyekiti akasubiri.

"Nzuri kabisa," aliongeza.

Kimya.

"Mbona hakiendi?"

"Kinakusubiri wewe, mheshimiwa," alisema Kobelo kwa upole. "Ukisema haya, kitaondoka."

Wajumbe walitazama mikono yao. Mheshimiwa Shirima alifungua mdomo kusema lile neno, na kila mtu aliona kwamba halikutoka. Akasimama, akakichukua kimulimuli kwenye kiganja. "Kikao kisimame kidogo," alisema, na kutoka nje. Mlango haukufunga vizuri. Maneno hayakusikika, na hakuna aliyetaka kuyasikia, ila ilisikika wazi kwamba hakuwa na haraka. Mara moja alicheka. Mara moja alipenga kamasi.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti ilikuwa ileile kavu. "Minara mitano kwanza," alisema. "Halafu tutaona. Na hiyo Mizani yenu mkaifundishe adabu."

Kobelo alimkumbatia Mwasiti mbele ya watu, jambo ambalo halijawahi kutokea maabara. Mwasiti alitoka peke yake kwenye ngazi za jengo, penye jua. Alikuwa na shukrani nyingi hata hakujua azianzie wapi: kwa mguu uliopona, kwa machungwa ya Kobelo, kwa mwanamke aliyeendelea kusema ila kila asubuhi kwa kidudu kisichomsikiliza. Vile vidole viwili havikumtoka moyoni, na hakutaka vitoke.

Kimulimuli kilimfuata, kikatua kwenye bega lake.

"Mhandisi," ilisema sauti ya kuimba. "Asante tena, mwanangu. Na wewe je? Habari zako?"

"Salama, Bibi."

Kikanyamaza, kikawaka taratibu. Ilikuwa kazi ya mikono yake mwenyewe, na aliijua vizuri. Neno lilikuwa moja tu, haya, na kingekwenda zake.

"Ila," alisema Mwasiti, akakaa chini kwenye ngazi.