Koti Chini ya Godoro

Kila asubuhi Kidoti alivaa sare akiwa amesimama kwa mguu mmoja, maana chumbani hapakuwa na nafasi ya mguu wa pili. Tangu baba yake, fundi seremala, afariki miezi minane iliyopita, mama hakutupa hata msumari. Karakana ilifungwa, na vyote vilivyokuwamo vikahamia nyumbani: vipande vya mbao, makopo ya rangi, viti visivyo na miguu. Familia ilikula kila mtu kwenye kona yake.

Kidoti, mwenye miaka kumi na miwili, hakulia msibani wala baadaye. Watu walimsifu kwa ujasiri. Yeye alijua si ujasiri. Moyo ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Kisha mdogo wake akalazwa kwa pumu, mara ya pili mwezi huo. Daktari hakuuma maneno.

"Mama, vumbi la nyumbani ndilo linalomkaba. Jumamosi nitamruhusu. Akirudi kwenye vumbi lile, safari nyingine huenda msiwahi kumfikisha hapa."

Siku ileile shangazi, dada wa baba, akaja na ufagio. Kazi yake ilikuwa kutunza stoo, na aliamini kila kitu duniani kina rafu yake. Akatandika mikeka mitatu uani.

"Huu wa vya kutumia, huu wa vya kugawa, huu wa vya kutupa. Haya wifi, tuanze."

Mama akatandika wa nne. "Na huu wa vya kufikiria."

Kufika mchana, mkeka wa nne ulikuwa mlima.

"Wifi, kopo hili la rangi iliyokauka utalifikiria mpaka lini?" shangazi akauliza. Mama akacheka kidogo, akalichukua na kwenda kulitupa mwenyewe. Baada ya hapo kazi ikaenda.

Kidoti aliwashinda wote kwa wepesi. Msumeno, gawa. Kiti, tupa. Hakuhisi lolote, hadi alipovuta koti la kazi la baba kutoka nyuma ya kabati. Lilikuwa limejaa vumbi la mbao, nalo bado lilinuka gundi na jasho lake. Akaitazama mikeka yote minne, asipate hata mmoja wa kuliweka. Akalikunja na kulisukuma chini ya godoro la mdogo wake, kwa kuwa kwingine kote kulikuwa kumeshakaguliwa.

Jumamosi mtoto akarudi akiwa mchangamfu, akala, akajilaza. Haikupita saa moja akaamka kifua kikipiga mluzi. Mama akampa dawa ya kuvuta.

"Nyumba nzima tumeipiga deki!" shangazi akasema. "Vumbi linatoka wapi tena?"

"Basi nimeshindwa," mama akasema. "Nitamrudisha hospitali."

Kidoti alisimama mlangoni. Akisema, koti litaondoka. Akayatazama mabega ya mdogo wake yakipanda na kushuka.

"Mtoeni kitandani," akasema. "Koti la baba liko chini ya godoro. Nimelificha mimi."

Mama akambeba mtoto hadi nje, na taratibu pumzi ikatulia. Kidoti akangoja kofi. Halikuja.

"Kwa nini hukusema, mwanangu?" mama akauliza.

"Mngelitupa."

"Hatulitupi," shangazi akasema. "Lakini lazima lifuliwe."

"Harufu yake itatoka."

"Ndiyo. Itatoka."

Kidoti akaomba alifue mwenyewe. Maji ya kwanza yalitoka ya kahawia, ya pili ya kijivu, ya tatu safi. Akalinusa. Sabuni tu. Ndipo alipolia, kwa sauti, kilio cha miezi minane.

Shangazi akachuchumaa kando yake. "Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Umefanya vizuri kusema ukweli, mdogo wako anapumua. Lakini ukumbuke, kuficha si kutunza. Kitu cha mpendwa wako kisafishe, ukiweke mahali tunapokiona sote. Na huzuni ni vivyo hivyo. Usiilalie peke yako."

"Na nisiponyamaza je?"

Mama ndiye aliyejibu. Alikuwa amekuja kukaa upande wa pili wa beseni. "Utanyamaza ukichoka. Mimi mwenyewe sijamaliza."

Akashika mkono mmoja wa koti, Kidoti akashika mwingine, wakalikamua pamoja.