Graciela Ajua Aanzie Wapi

Mchana Graciela Ontiveros alichambua lozi kiwandani. Jioni alisoma katika chuo cha jamii cha mji wao, kule bondeni California. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mume na mabinti wawili. Alitaka kuwa muuguzi.

Mwaka mzima alichagua masomo kwa kusikia ya watu. Binamu yake alimwambia, "Chukua historia ya sanaa, ni mteremko." Akachukua. Mwenzake wa kiwandani akasema, "Anza na kemia." Akachukua, bila kujua kwamba hesabu ilipaswa kutangulia. Mtihani wa katikati ya muhula ulimtoa jasho. Alipata alama thelathini kwa mia.

"Basi," alimwambia mumewe, Eusebio, huku akigeuza tortilla, chapati za mahindi, jikoni. "Darasani sirudi. Nitapotea kimya kimya."

"Hata mgeni haondoki bila kuaga, mke wangu. Nenda kawaage."

"Niwaambie nini? Kwamba kichwa changu kigumu kama lozi?"

"Lozi si unazivunja kila siku?"

Graciela alicheka bila kutaka. Kesho yake akaenda kwa mshauri wa masomo, Bi Mai Thao, mama mfupi wa jamii ya Wahmong kutoka Asia.

"Nimekuja kuaga," Graciela alisema.

Bi Thao aliweka kalamu chini. Alimsikiliza mpaka mwisho. Foleni mlangoni ilikuwa ndefu, lakini hakutazama saa hata mara moja.

"Dada Graciela, ungeacha tu kuja, ungeandikiwa umefeli. Alama hiyo ingekufuata mpaka shule ya uuguzi. Ukijiondoa rasmi kabla ya Ijumaa, utaandikiwa umejiondoa. Si kufeli."

"Ijumaa ipi?"

"Hii. Keshokutwa."

Graciela alishika kifua. "Mungu wangu! Na hakuna aliyeniambia!"

"Ndiyo kazi yangu, na ni bure. Kwanza tuangalie kama kujiondoa kutagusa msaada wako wa ada." Akaangalia. Usingeguswa. Kisha akachukua karatasi, akaandika masomo yote, muhula kwa muhula: hesabu, kemia, halafu masomo ya mwili wa binadamu.

"Na ile historia ya sanaa? Nilipoteza muda?"

"Hata kidogo. Inahesabika."

"Na kichwa changu?"

"Kichwa hakina kosa. Ulirukia ngazi ya tatu. Nani asingeanguka? Mimi nilisoma hapa hapa, nikapoteza miaka miwili kwa kuona haya kuuliza."

Graciela alijiondoa kwenye kemia siku hiyo hiyo. Tangu hapo, hakujiandikisha kwa somo lolote kabla ya kumwona Bi Thao. Alifaulu hesabu. Akarudia kemia, na kila Jumanne akaenda kwa wakufunzi wa ziada wa chuo. Akafaulu. Shule ya uuguzi ikamkubali.

Siku ya kuhitimu uuguzi, kila muuguzi mpya huchagua mtu wa kumvisha beji ya kazi. Wengi walichagua mama zao. Graciela alimwita Bi Thao.

Bi Thao aliichukua beji. "Nimewapangia njia watu wengi sana," alinong'ona. "Lakini mwishoni mwa njia sijawahi kualikwa."

Beji ikakaa kifuani pa Graciela. Eusebio, aliyevaa tai ya kuazima, alipiga makofi mpaka binti yake mmoja akamvuta mkono.

"Baba, inatosha!"

"Haitoshi," alisema, akaendelea.