Jani la Katikati

Kila asubuhi mama msuka mikeka alikaa barazani, mikono mapajani. Zamani mwanawe ndiye aliyemletea miyaa, majani ya mkoma, kutoka bondeni. Mwana huyo alifariki kiangazi. Tangu siku ile mama hakushika tena ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka. Chakula alikigusa tu, akasukuma sahani.

Mkwewe, mjane wa yule mwana, alimwona anavyokwisha. Bondeni nako trekta lilikuwa linafyeka, patajengwa nyumba. "Nikiupata mkoma mmoja nikaupanda uani, huenda mikono yake ikarudi," alijisemea. "Isiporudi, nitazika wawili."

Mvua za kwanza zilipolainisha udongo, alirudi kutoka bondeni na mche kichwani. Jirani yao, mwanamke mwenye kitalu, alimsimamisha njiani. Mtaa mzima ulimwita Mama Miche.

"Mdogo wangu, unataka kusuka mkeka au kukamua mafuta?"

"Kwani huu si mkoma?"

"Huu ni mchikichi. Ungali mtoto, na watoto hufanana. Tazama jani lenyewe. La mchikichi likikua hupasuka kama unyoya, huku na huku ya uti mmoja mrefu. La mkoma hukunjuka kama kiganja." Akanyoosha mkono na kutanua vidole. "Halafu shika kikonyo. Mkoma una miiba iliyopinda, kama kucha za paka."

Kesho yake walikwenda wote wawili. Mkwe alipousikia mwiba ukimchoma kidole, aliguna.

"Huo sasa ndio wenyewe," alisema Mama Miche.

Mkwe akaukumbatia mche ili aung'oe.

"Acha! Huu si muhogo. Mzizi wake umeshuka chini sana. Ukivuta, utaubakiza ardhini."

Wakachimba kwa mzunguko, mbali na shina, wakishuka polepole. Trekta lilinguruma karibu, likaja, likageuka. Jua lilikuwa limeinama walipoutoa mche na bonge lake la udongo. Hawakulikung'uta. Walilifunga kwa gunia lenye maji, wakalibeba kama mgonjwa.

Uani walichimba shimo pana. Wakaupanda kwa kina kile kile ulichokuwa nacho bondeni.

"Usiufukie juu zaidi," alionya Mama Miche. "Udongo ukiingia moyoni mwake, pale majani yanapochipukia, mti unaoza."

Wakapunguza majani machache ya pembeni yaliyozeeka, wakayafunga yaliyobaki kwa kamba laini, wakaumwagia maji.

Ndipo mama alipoinuka barazani. Mkononi alikuwa na kisu. Macho yake yalikuwa kwenye jani la katikati, lile changa lililofumba bado, jeupe karibu na shina. Wasukaji hulitaka hilo kuliko yote.

"Mama, usikate!" Mkwe alimshika mkono, kisha akauachia kwa aibu.

"Unanifundisha kazi, mwanangu? Likifunguka limeshaharibika. Nimekata haya tangu usichana, kabla marehemu hajaanza kuniletea."

Mama Miche aliinama kwa adabu. "Ni kweli, Mama. Lakini ulikata kwenye mikoma mikubwa iliyotulia. Huu umekatwa mizizi leo. Hauna tawi la akiba. Pale katikati ndipo penye uhai wake wote. Ukikosea pale, umekwisha."

Mama alishusha kisu. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo tunangoja?"

"Tunangoja, Mama. Na maji."

Kazi ya maji aliishika mama mwenyewe. Majani ya nje yalikauka moja baada ya jingine. Mkwe alianza kukata tamaa. Mama hakuacha. Kila jioni alikwenda na kopo, akamwaga taratibu, akaingia ndani. Siku hizo alianza kumaliza sahani yake.

Asubuhi moja alimwita mkwe kwa sauti ambayo nyumba ilikuwa imeisahau. "Mwanangu! Njoo!"

Jani la katikati lilikuwa limepanda na kukunjuka. Lilikuwa kijani, pana, vidole vyote wazi.

"Maisha yangu yote nimeyakata haya kabla hayajafunguka," alisema mama. Aliligusa kwa ncha za vidole. "Sikujua kama yana uzuri huu."

Akalia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mkwe akamshika mabega, wakalia pamoja.

Baada ya misimu michache mkoma ulikuwa na majani mengi na shina imara. Mama alikata jani changa moja, akaliacha lililofuata likue. Lile alilokata alilianika, akalichana, akakaa juu ya mkeka barazani na kuanza ukili. Kisha akasogea kidogo mkekani.

"Kaa hapa," alimwambia mkwewe. "Shika ncha hii."