Barua Kutoka Ndani ya Eda

Mwanasha alipika chai ya watu wawili, kisha akakumbuka. Mumewe, Abdulfatah, alikuwa amefariki miezi miwili iliyopita. Akanywa kikombe kimoja. Kingine akakiacha kikapoa.

Alikuwa anakaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani kwake. Hapo Ekero, wiki ya kwanza nyumba ilijaa watu. Baada ya arobaini, weee, hata paka wa jirani hakuja! Swaibu, mwanawe wa pekee, alikuwa kazini Mombasa. Upweke ulimkaba Mwanasha, na hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu asubuhi Christine akapiga hodi. Ndiye mwalimu aliyemfundisha Mwanasha kusoma, kwenye darasa la watu wazima.

"Karibu, mwalimu. Kumbe bado kuna watu duniani!"

"Nisamehe, Mama Swaibu. Kazi ilinibana. Umesikia habari ya tramu?"

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ni mabehewa ya umeme. Yanapita kwenye reli, humohumo mjini. Wanataka kuyaleta kutoka Mumias mpaka hapa. Wakubwa wanavutana, kila mmoja anataka kituo mbele ya ploti yake."

"Wavutane tu. Mimi yanihusu nini?"

Christine akamwonyesha ramani. "Reli inapita hapa. Huku na huku ni seng'enge. Kijia cha kuja kwako kinafungwa. Mtu wa sokoni atazunguka karibu saa nzima kukufikia."

Mwanasha akashika kifua. "Sasa hivi njia iko wazi na hawaji. Ikifungwa je? Nitafia humu ndani na hakuna atakayejua!"

"Mkutano wa kutoa maoni ni Alhamisi."

"Basi yameisha. Mimi sitoki. Na watu wanasemanga asiyefika amekubali."

"Nani kasema? Ulisoma tangazo lote?"

Mwanasha akaona haya. Tangazo aliletewa wiki iliyopita. Alisoma tarehe tu, akaona atakuwa bado ndani ya eda, akalitumia kufunikia maziwa. Akalileta, lina alama ya sufuria.

"Soma pale chini," Christine akasema.

Mwanasha akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Maoni ya maandishi... yatapokewa... kabla ya siku ya mkutano."

"Umeona? Kutoa maoni ni haki ya kila mwananchi. Mgonjwa, mzee, anayekaa eda, wote. Andika jina, kijiji na namba ya simu. Sema tatizo ni nini, na unataka nini. Nakala moja wataigonga mhuri, uiweke wewe."

"Si uniandikie, mwalimu?"

"Aka! Na huo mkono wako ni wa nini?"

Mwanasha akaandika, akafuta, akaandika tena mpaka adhuhuri:

"Mimi ni Mwanasha wa Ekero. Naomba msifunge njia ya kuja kwangu. Wekeni kivuko cha watu wa miguu. Ninaishi peke yangu. Tangu arobaini ya mume wangu sijaona mgeni ila mwalimu mmoja. Njia hii ikifungwa, sitaona mtu tena."

Akaongeza namba ya simu. Jumanne Christine akaipeleka barua kwenye ofisi iliyotajwa katika tangazo, akarudi na nakala yenye mhuri.

Alhamisi Mwanasha alikaa mlangoni peke yake. Alisikia kipaza sauti kwa mbali, lakini hakuambulia neno. Siku ilikuwa ndefu, na jioni hakuja mtu kumwambia lolote.

Ijumaa asubuhi akasikia salamu nje. "Asalaam aleikum!" Walikuwa wanawake saba wa sokoni. Mbele alikuwa Laila, muuza vitenge.

"Waaleikum salaam. Kuna nini?" Mwanasha akauliza kwa hofu.

"Barua yako ilisomwa jana mbele ya watu wote," Laila akasema. "Mhandisi wa reli amechora kivuko palepale. Ramani mpya itabandikwa sokoni."

"Alhamdulillahi! Na nyinyi nyote, mbona mmekuja?"

Laila akainamisha kichwa. "Tumeona aibu, Mama Swaibu. Reli haijajengwa bado, na sisi tulikuwa tumeshakufungia njia."

Mwanasha akalia, kisha akawatandikia mkeka.