Mama Aliogopa Kuinama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Vestina alichota maji, akafagia uwanja, kisha akampelekea mama yake uji kitandani. Zamani kazi za nyumbani waligawana. Lakini mama yake, Maximilla, aliumia mgongo alipokuwa akiinua gunia la muhogo, na tangu hapo alikuwa akilala tu. Mvua zilikwisha kuanza kijijini kwao Kagerankanda. Majirani walikuwa wakipanda maharage, na shamba lao bado lilikuwa limejaa magugu.

"Mama yako asipopata nafuu," baba yake, Mzee Pasikali, alimwambia kwa huzuni, "itabidi uache shule kwanza, tulime."

 Vestina alikuwa darasa la sita, na alipenda shule kuliko kitu chochote.

Siku moja gari la parokia liliwapa lifti hadi hospitali ya mjini Kasulu. Daktari alimpima mama, kisha akawaelekeza chumba cha tiba ya viungo, kwa Bi Kuruthumu.

"Mwakeye, mama," Bi Kuruthumu alimsalimu kwa Kiha, na mama akatabasamu kidogo. Alimgusagusa mgongo, akamgonga magoti, akamuuliza kama miguu inakufa ganzi. Haikufa ganzi.

"Mfupa haujavunjika," alisema. "Misuli imeumia, na sasa inalegea kwa kulala sana. Dawa yako ni mazoezi."

Alimlaza chali, akamwonyesha namna ya kukunja magoti na kuinua kiuno polepole. Akamwambia pia atembee kila siku.

Nyumbani mama alijaribu mara moja. Alipohisi maumivu, alirudi kitandani.

"Nitavunjika, mwanangu. Usimwambie mtu."

Waliporudi hospitali, Bi Kuruthumu aliuliza, "Mazoezi ulifanya?"

"Nilifanya," mama alijibu, akitazama sakafu. "Hayasaidii."

Bi Kuruthumu alikunja uso. "Basi labda nilikosea. Heri nikupeleke hospitali ya mkoa, Kigoma, wakuangalie kama unahitaji kupasuliwa."

 Vestina angewezaje kumwumbua mama yake mbele ya mgeni? Lakini angewezaje kunyamaza, mama apasuliwe bure?

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Bibi, mama hakufanya. Aliogopa."

 Mama alijifunika uso kwa kitenge, akaanza kulia. Vestina alitamani ardhi immeze.

Bi Kuruthumu hakufoka. Alivuta kiti akaketi karibu. "Kosa ni langu pia," alisema. "Sikukuambia kwamba mwanzoni yatauma kidogo. Kuuma kidogo si kuvunjika. Maumivu yakizidi, tunapunguza mazoezi, hatuyaachi. Twende pamoja, nikushike."

Mama alilala chali, akakunja magoti, akainua kiuno. Aliguna. Akainua tena. Safari hii hakuguna.

Kuanzia siku hiyo Vestina alitandika mkeka sebuleni, akafanya mazoezi pamoja na mama. Mzee Pasikali alipowaona mara ya kwanza alicheka, kisha naye akalala chali kando yao. Mama alitembea hadi migombani, baadaye hadi kisimani, baadaye hadi kanisani. Alijifunza kuchuchumaa anapookota kitu, na kubeba mzigo mdogo mara mbili badala ya mkubwa mara moja.

Maharage yalipandwa kwa kuchelewa, lakini yalipandwa. Vestina hakuacha shule.

Jioni moja walikuwa wakipalilia, kila mmoja kwenye tuta lake. Mama alisimama, akajinyoosha.

"Siku ile hospitalini nilikukasirikia sana," alisema.

"Najua, mama."

"Nilidhani umeniaibisha. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa najidhulumu. Mwanangu, anayekutibu mwambie ukweli wote, hata ule wa kwamba unaogopa. Asipoujua, atakutibu ugonjwa usiokuwa wako."

Kisha akashika jembe, akakunja magoti vizuri, akaendelea kupalilia.